Huhitaji kraki kufungua katalogi ya msambazaji

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea yale mafaili ya msambazaji yanayokuja yamefungwa. Unabonyeza, kompyuta inakuuliza ifungue kwa programu gani, na wewe hujui hata moja. Mteja anasubiri picha za mzigo mpya, wewe unasubiri mtu wa kukusaidia.

Niseme msimamo wangu mapema, asiyekubaliana aanze kujiandaa. Kompyuta yenye akaunti za biashara yako haitakiwi kuwa na programu ya wizi ya kufungulia mafaili. Yaani ile wanayoiita kraki, "full version", sijui nini. Mambo ya sheria tuyaweke pembeni kidogo. Nasema hivi kwa sababu unaiba kitu ambacho ungekipata bure, halafu bei yake unakuja kuilipa kwa njia nyingine. Mimi nimeilipa.

Ilikuwa hivi. Nauza mashuka na mapazia. Duka liko Morogoro lakini wateja wengi nawapata mtandaoni. Msambazaji wangu anapokea picha kutoka kwa wakala wake China na kututumia kama zilivyo. Siku hiyo akatuma faili moja kubwa, mwisho wa jina lake .rar, ndani picha zaidi ya 300 za mapazia mapya. Laptopu yangu ni ya Windows 10, ikagoma. Nikauliza kwenye grupu moja la wauzaji, mtu akanitumia linki: "WinRAR full, haina usumbufu." Nikashusha. Ikaja zip yenye paswedi, paswedi yenyewe 1234, pamoja na maelekezo kwamba uzime antivirusi kwanza ndipo uiingize. Nikazima, nikaiingiza. Na faili la msambazaji likafunguka, picha zote hizo hapo! Nikamshukuru yule mtu mpaka na vimoyo.

Siku tatu baadaye mteja wangu wa Dodoma akanipigia asubuhi. "Dada, mzigo wangu umefika wapi?" Nikamuuliza mzigo gani. Akasema yale mashuka ya nusu bei ya jana usiku. Jana usiku mimi nilikuwa nimelala. Nikajaribu kuingia kwenye ukurasa wangu, umenifungia nje. Nikautazama kwa simu ya mdogo wangu, nikakuta tangazo la ofa lenye picha zangu na maneno yanayofanana na yangu kabisa, ila namba ya malipo si yangu. Wateja wanne walikuwa wameshatuma hela, jumla shilingi 310,000.

Wawili niliwapa mzigo wa thamani hiyo kutoka dukani. Wawili niliwalipa kidogo kidogo mpaka zikaisha. Hakuna aliyenilazimisha, ila walituma hela kwa kuamini jina langu, sasa ningewaambia nini? Ukurasa nilikuja kuupata baada ya siku 11. Kuna wateja waliokuwa wananiagiza kila mwezi, hadi leo hawajarudi.

Kilichonishangaza ni kwamba paswedi yangu ilikuwa ngumu na sikuwahi kumpa mtu. Kijana aliyenisafishia kompyuta ndiye aliyenielewesha. Ukishaingia kwenye akaunti yako, kivinjari kinahifadhi kipande kidogo cha taarifa ili kesho usiulizwe tena paswedi. Wanakiita kuki. Programu ya wizi ikishakaa kwenye kompyuta inachukua kuki zote pamoja na paswedi ulizokubali zihifadhiwe, inazituma kwa mwenyewe, naye anaingia kama wewe. Mlango haujavunjwa. Ametembea na ufunguo wako.

Hapa nitende haki. Waliotengeneza WinRAR hawana kosa lolote. Sikushusha WinRAR yao, nilishusha kitu cha mtu mwingine kilichovaa jina lake. Na hiki ndicho kinachoniuma zaidi: WinRAR halali unaishusha bure kwa majaribio ya siku 40, na siku 40 zikiisha haijifungi. Inaendelea kufungua mafaili, ila kila mara inakutolea kidirisha cha kukukumbusha ununue. Kwa masharti yao ukishapita siku hizo unatakiwa ulipe, na anayeipenda alipe, ni jasho la watu. Lakini kraki ya nini sasa? Nilitafuta funguo bandia ya mlango ambao ulikuwa wazi.

Tuelewane kidogo haya mafaili ni nini, maana ukielewa hutababaishwa. Wanaouza maduveti wanajua ule mfuko wa kunyonya hewa. Duveti linajaa kabati zima, ukilinyonya hewa linakuwa bapa, unasafirisha kirahisi, mteja akifika nyumbani analifungua linajaa tena. Ndivyo ilivyo. Mafaili mengi yanakusanywa yanakuwa mfuko mmoja, na yale yanayobanika yanabanwa. Picha za kawaida za JPG zimeshabanwa tangu kwenye kamera, kwa hiyo usitegemee katalogi ya picha ya MB 600 itashuka kuwa MB 100 kwa sababu imefungwa. Haishuki. Faida yake ni picha 300 kuja kwa mara moja bila kupotea hata moja, na bila kupunguzwa ubora kama zinavyopunguzwa ukizituma WhatsApp kama picha.

Aina utakazokutana nazo ni tatu. Ya .zip ilianza mwaka 1989, kazi ya Mmarekani Phil Katz. Kampuni yake iliweka wazi maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, mtu yeyote akaweza kutengeneza programu ya kuifungua, ndiyo maana leo karibu kila kompyuta na simu inaijua. Ya .rar ni ya Mrusi Eugene Roshal, ya mwaka 1993, na ile R ya mwanzo ni jina lake la ukoo. Yeye aliruhusu wengine waifungue lakini kuitengeneza akabaki nayo, kwa hiyo programu nyingi zinafungua .rar bila uwezo wa kufunga .rar. Ya .7z ni ya 7-Zip, programu ya Mrusi mwingine, Igor Pavlov, ya mwaka 1999.

Kama faili ni .zip, usishushe kitu chochote. Windows inalifungua yenyewe tangu enzi za Windows XP. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua palipoandikwa "Extract All", chagua folda, basi. Wenye Mac wanabonyeza mara mbili tu. Nimeona watu wanalipia "programu ya kufungua zip" na wakati wanayo tayari.

Kama ni .rar au .7z na una Windows 11 iliyosasishwa, tangu mwishoni mwa 2023 nayo inafungua yenyewe, isipokuwa lile lenye paswedi. Kama una Windows 10 kama mimi, au faili lina paswedi, chukua 7-Zip. Ni bure, si bure ya majaribio. Masharti yake yanaruhusu uitumie hata kwenye kompyuta ya biashara bila kulipa na bila kujisajili. Faili lake halifiki hata MB 2, bando la kawaida linatosha. Tovuti yake ni 7-zip.org. Imekaa kizamani, haina mbwembwe, utadhani ndiyo feki. Ndiyo yenyewe. Andika anwani hiyo mwenyewe pale juu, usiandike "7zip free download" kwenye Google ukabonyeza la kwanza unaloliona, maana la kwanza mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, na kuna tovuti zenye majina yanayofanana zimekaa zinasubiri watu wenye haraka. Anayetaka WinRAR halali, aende rarlab.com.

Ukishaiweka 7-Zip kwenye Windows 11 unaweza ukadhani haipo. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, kisha "Show more options", utaikuta huko.

Sasa kuna mwenzetu atasema, mimi natumia kraki mwaka wa tano huu, sijaona kitu. Inawezekana yako ni salama kweli. Ila utajuaje? Mwizi wa namna hii hapigi kelele, hafuti mafaili, kompyuta wala haiwi nzito. Na angalia vile nilivyopewa mimi: zip yenye paswedi na agizo la kuzima antivirusi. Paswedi ile haikuwekwa kukulinda wewe. Faili likiwa na paswedi, antivirusi haiwezi kuchungulia ndani kabla hujalifungua. Halafu ukishalifungua, pale ambapo ingeshtuka, umeshaizima kwa mkono wako. Ukiona hayo mawili yamekuja pamoja, funga, futa, usiendelee hata kama aliyekutumia ni mtu wako wa karibu. Yeye naye huenda aliitumiwa.

Lingine, hata kraki isiyo na mwizi ndani ina tatizo: haisasishwi. Programu hizi zinagundulika na matundu. Februari 2019 kampuni ya Check Point ilitangaza tundu kwenye WinRAR lililokuwepo kwa zaidi ya miaka 19. Mwaka 2023 likatokea lingine baya zaidi kwa watu kama sisi. Ndani ya faili lililofungwa unaona kitu kama picha au waraka wa kawaida, unabonyeza ukiangalie, na kumbe kuna kingine kinajiendesha nyuma yake. Waliolengwa wakati ule walikuwa watu wanaofanya biashara ya fedha mtandaoni. Likazibwa kwenye toleo la 6.23 mwezi Agosti mwaka huo. Lingine limezibwa kwenye toleo la 7.13 mwishoni mwa Julai 2025. Hata 7-Zip ninayoisifia ilikuwa na lake, likazibwa kwenye toleo la 24.09 la Novemba 2024. Na zote mbili hazijisasishi zenyewe, lazima uende tovutini uchukue toleo jipya uliweke juu ya lile la zamani. Mimi naangalia kila baada ya miezi mitatu, siku ninayofunga hesabu. Mwenye kraki anaogopa kusasisha isije ikagoma, kwa hiyo anakaa na toleo la miaka ile.

Na usinijibu kwamba kompyuta ni yako na hasara ni yako. Ingekuwa ya kuchezea gemu, sawa. Yetu ina majina ya wateja, namba zao za simu, wanapokaa, saa ngapi wanakuwepo nyumbani kupokea mzigo. Waliolizwa kwenye ishu yangu hawakushusha kraki yoyote. Niliishusha mimi.

Wale walionunua laptopu za mtumba waangalie hili leo. Mafundi wengi wakikuwekea Windows wanakutupia na rundo la programu juu, WinRAR ikiwemo, na hawakwambii imetoka wapi. Ifungue, nenda "Help" kisha "About". Ikiwa inasema ni nakala ya majaribio, haina shida. Ukikuta imesajiliwa kwa jina la mtu au kampuni usiyoijua, huenda hiyo ni kraki. Kuifuta peke yake hakutoshi, kwa sababu kilichokuja nayo kinaweza kubaki. Chukua simu yako, siyo laptopu ile, ingia kwenye akaunti zako, chagua kutoka kwenye vifaa vyote, badilisha paswedi, weka uthibitisho wa hatua mbili. Laptopu ihamishie picha na hesabu zako pembeni, kisha iwekwe Windows upya. Inachosha, najua. Mimi ilinila Jumapili nzima.

Nimegundua pia kwamba wengi hukimbilia "full version" kwa sababu faili limegoma na wanadhani programu ya bure haina uwezo. Mara nyingi kosa liko kwingine. Ukiletewa mafaili yanayoishia part1.rar, part2.rar, part3.rar, hiyo ni katalogi moja iliyokatwa vipande. Shusha vyote, viweke folda moja, usibadilishe majina, fungua part1 tu, vingine vitafuata vyenyewe. Kikikosekana kimoja, hakuna programu ya bure wala ya kulipia itakayokusaidia, mwambie aliyekutumia akirudie. Ukiambiwa faili limeharibika, linganisha ukubwa wake na lile la msambazaji. Yeye anasema MB 600, wewe unayo 412, maana yake bando lilikata katikati. Na mafaili ya kutoka China unaweza ukakuta majina ya picha yamejaa alama za ajabu. Usiogope, picha zenyewe ni nzima. Kompyuta iliyoyafunga ilikuwa inaandika kwa herufi zao na yako inasoma kwa zako.

Kitu kingine ambacho hakihusiani na wizi ila kimeshanitoa machozi: usifanye kazi ndani ya faili lililofungwa. Msambazaji alituma orodha ya bei ya Excel ndani ya zip. Nikaifungua humohumo bila kuitoa, nikajaza bei zangu za kuuzia, bidhaa 90 na kitu, nikahifadhi, nikafunga. Kesho yake bei hazipo. Ukifungua hivyo Windows inakupa nakala ya muda tu iliyowekwa mahali pa kujificha, na wewe unadhani umehifadhi kwenye lenyewe. Toa kwanza nje, ndipo ufanye kazi.

Na kabla hujabonyeza kilichotoka, angalia mwisho wa jina. Windows kwa kawaida inaficha mwisho wa majina ya mafaili, kwa hiyo kitu kinachoitwa pazia.jpg.exe wewe unakiona pazia.jpg. Kwenye Windows 11, fungua folda yoyote, nenda "View", "Show", weka tiki kwenye "File name extensions". Katalogi ya picha haitakiwi kuwa na .exe hata moja ndani yake. Nikiiona moja, sifungui chochote, nampigia simu aliyetuma.

Kwa upande wetu sisi tunaotuma, tuache kuwatesa mawakala wetu wa reja reja na .rar. Wengi wana simu tu. Tuma .zip. iPhone inaifungua yenyewe, na Android nyingi zinaifungua kwenye programu ya mafaili iliyokuja na simu. WhatsApp itume kama dokumenti, inapokea hadi GB 2. Kwa barua pepe kumbuka Gmail inaishia MB 25.

Mimi baada ya yote hayo nilimpigia msambazaji wangu, nikamuomba awe anatuma kwa .zip. Nilijiandaa kubishana. Akaniambia, "Kumbe hiyo ndiyo inawasumbua? Mbona miaka yote hamjasema, dada." Kumbe wakala wake anafunga kwa .rar kwa mazoea tu, hana sababu yoyote. Katalogi ya juzi imekuja .zip, nimeifungua kwa Windows yenyewe, dakika mbili. Kuna mapazia ya velveti ya kijani humo, nayaweka kesho asubuhi.